Jiko Lililopimwa Bila Mpishi

Kamanthe aliwapikia wasichana wa shule moja ya bweni karibu na mji wa Machakos kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo alirudisha getini magunia kumi na moja ya maharagwe. Alikuwa akiingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, anatoa konzi moja, ananusa, kisha anamwambia dereva bila kupandisha sauti, "Haya, rudi nayo." Mwalimu mkuu wa kwanza aliudhika naye. Wa pili alimzoea. Wa tatu aliposifiwa na mzazi mmoja kwa chakula kizuri, alijibu kwamba sifa si zake, kuna mama jikoni hajui kudanganya.

Alipostaafu alirudi nyumbani Kola, kwa mumewe Ndunda, mkulima wa machungwa. Ndunda ni mtu mpole. Majirani wakigombania mpaka humwita, si kwa kuwa anajua sheria bali kwa kuwa kila upande hutoka kwake ukidhani umeshinda. Binti yao, Winfred, anafanya kazi ya ofisini Nairobi na anaishi Syokimau na mumewe Muthoka, kijana wa kutoka Kalama ambaye kazi yake ni kutengeneza na kufunga majiko ya kisasa katika nyumba mpya za huko: kabati za chini, kabati za juu, droo, sinki, yote yakiwa yameshikana ukutani kama kitu kimoja.

Mwaka jana Winfred na Muthoka waliamua kumfungia Kamanthe jiko la aina hiyo. Alikuwa bado anapikia nje, katika kibanda cha mabati chenye mafiga matatu, na moshi ulikuwa umeanza kumsumbua macho. Zawadi ilikuwa nzuri na ilitoka moyoni. Shida ilikuwa nthoni.

Nthoni ni ile heshima ya Wakamba inayomweka mkwe mbali na mama mkwe wake. Wa zamani hawakukaa chumba kimoja, hawakushikana mikono, na wakikutana njiani mmoja aliingia kichakani mwingine apite. Siku hizi wengi wameilegeza. Utawaona wamebanana kwenye kochi moja harusini wakipigwa picha. Kamanthe hakuilegeza. Mama yake aliishika, naye akaishika, na Muthoka, kwa sababu alilelewa vizuri, akamfuata.

Kwa hiyo siku Muthoka alipokuja kupima, mwezi wa Aprili, Kamanthe alisikia gari likizima injini, akajifunga leso, akaenda kwenye ghala la mahindi na kukaa huko saa nzima akichambua mbegu ambazo alikuwa amekwisha kuzichambua. Muthoka alipima kuta, akapima dirisha, akaandika kila kitu kwenye simu. Mwisho akamgeukia Ndunda.

"Mzee, Mama ni mrefu kiasi gani?"

Ndunda alifikiri. Wameoana miaka thelathini na minne.

"Mama Winfred?" akasema. "Huyo si mfupi."

Muthoka akaandika. Winfred amemfuata baba yake kwa urefu, basi Muthoka akaona hakuna haja ya kusumbua watu. Akachukua kipimo cha mkewe. Ukweli ni kwamba Kamanthe akisimama kando ya binti yake, kitambaa chake cha kichwa hufika begani.

Jiko lilifungwa mwezi wa Agosti. Kamanthe alikwenda kwa dada yake siku nne ili mkwe afanye kazi kwa nafasi. Muthoka naye, akijua nyumba ni ya mama mkwe, hakutaka kukaa ndani yake muda mrefu. Akawaleta vijana wake wawili, akawaonyesha ukuta, akarudi Syokimau kwenye kazi nyingine. Vijana wakamaliza kwa siku mbili, wakafunga mlango, wakaacha ufunguo kwa Ndunda.

Kamanthe aliporudi alisimama mlangoni akapiga kigelegele. Kabati zilikuwa nyeupe, kaunta ya kijivu inayong'aa, sinki la chuma lenye mfereji uliopinda kama shingo ya bata. Akina mama wa kanisa walikuja kuliona. Mmoja alifungua na kufunga kabati moja mpaka Kamanthe akamwekea chai ili mikono ipate kazi.

Kesho yake alijaribu kupika.

Kaunta ilimfika juu ya viwiko. Kukata kitunguu ilibidi ainue mabega kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Unga wa chapati ulimshinda kabisa, maana unga haukandwi kwa vidole, hukandwa kwa uzito wa mwili ukiuegemea kutoka juu, na yeye alikuwa chini. Akaweka yai kwenye kaunta akageuka kuchukua bakuli. Aliporudi yai lilikuwa limesafiri mpaka ukutani. Akamwaga maji kidogo kuhakikisha. Maji yalipaswa kwenda kwenye sinki. Yalielekea ukutani, yakatulia pale penye ufa mdogo ambao fundi alipaswa kuuziba na hakuuziba. Droo ya vijiko ilifunguka nusu, ikagonga mpini wa kabati la kona, ikakataa. Mlango mmoja wa juu ulishikwa na skrubu moja badala ya nne. Baada ya wiki tatu, ubao wa chini ya sinki ulikuwa umekunywa maji na kuvimba kama mkate.

Kamanthe hakupiga kelele. Alirudisha sufuria zake kwenye kibanda cha nje, akawa anatumia jiko jipya kumpokelea mgeni chai tu.

"Mpigie," akamwambia mumewe. "Mwambie kazi haikufanywa. Kazi ilibandikwa."

Ndunda akatoka nje kutafuta mtandao. Kamanthe alimsikia akisema, "Ii, Muthoka, habari ya huko? Mama anashukuru sana. Sana! Kuna vitu vidogo vidogo tu, siku ukipata nafasi."

"Vidogo vidogo?" akamuuliza aliporudi.

"Nimemwambia kuna vitu. Kijana ni mwerevu, ataelewa."

Kijana hakuelewa. Ndunda alimpigia tena mwezi wa Septemba, na safari hiyo vitu vidogo vidogo vikawa "kakitu fulani". Kamanthe angeweza kumweleza Winfred. Mara mbili alishika simu, na mara mbili akaiweka. Hakutaka maneno ya jiko lake yaende kuwa maneno ya chumbani kwa mtoto.

Kisha Jumatano moja ya Oktoba, Winfred mwenyewe akapiga, amejaa furaha.

"Mama! Muthoka amepata mteja mkubwa. Anaitwa Wacera, ni mfanyabiashara hapo Machakos mjini, anajenga nyumba sita. Anataka kuona kazi kwanza. Tumemwambia ataona kwako, Jumamosi saa tano."

"Kwangu?"

"Ndiyo hilo jiko zuri kuliko yote aliyofunga. Atakuuliza unalionaje. Wewe sema tu ni zuri, Mama. Akikosa hii kazi, ni kufunga karakana."

Katika maisha yake Kamanthe hakuwahi kumsifia mtu gunia lenye fukusi. Na hakuwahi kufikiria kwamba siku moja atakuwa yeye wa kumfungia mkwe wake karakana, mbele ya mgeni, kwa mdomo wake mwenyewe.

"Winfred," akasema. "Mwambie mumeo aje Ijumaa. Aje yeye, asitume mtu. Na aje na vyombo vya kazi."

"Kwani kuna nini?"

"Kuna kazi."

Ijumaa saa tatu asubuhi Muthoka alifika na sanduku la vyombo. Kamanthe alikuwa amekwisha kujipanga. Aliweka kigoda nje, chini ya dirisha la jiko, akakaa akilipa dirisha mgongo, sinia la mchele magotini. Muthoka akaingia ndani. Ndunda akawekwa mlangoni, katikati, maana lazima maneno yapite mahali.

"Baba Winfred," Kamanthe akaanza, akiutazama mchele, "mwambie huyo mgeni afungue droo ya vijiko."

Ndunda akakohoa. "Muthoka, mwanangu, Mama anaomba, kama haitakusumbua..."

"Sikusema kama haitamsumbua. Imenisumbua mimi miezi miwili. Nimesema afungue."

Ilisikika droo ikivutwa, kisha *ko!*

"Imegonga," Ndunda akatangaza nje.

"Nimesikia. Mwambie avute tena, labda leo imeokoka."

*Ko!*

"Bado," akasema Ndunda.

"Sasa achukue kikombe kimoja cha maji, amwage kwenye kaunta, pole pole. Halafu anieleze maji yameenda kwao wapi."

Muthoka alimwaga, akainama, akayafuata maji kwa macho mpaka ukutani. Akafungua kabati la sinki, akaona ubao uliovimba, akauminya kwa kidole gumba, kidole kikazama. Akafungua mlango wa juu, akahesabu skrubu. Haikuchukua muda kuhesabu.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "mbona hamkuniambia?"

"Nilikuambia," akasema Ndunda. "Nilisema kuna kakitu."

Nje, sinia lilitikisika. Kamanthe alikuwa anacheka, lakini hakutaka ijulikane.

"Baba Winfred, mwambie aangalie kando ya mlango. Kuna mstari nimechora kwa makaa. Hapo ndipo kiwiko changu kinapofika."

Muthoka akatoa futi. Mstari ulikuwa sentimita tisini na moja kutoka sakafuni. Akapima kaunta. Tisini na tano. Akapima tena, kama mtu anayetumaini futi itamwonea huruma.

"Lakini mzee, si nilikuuliza? Ulisema Mama si mfupi!"

Ndunda akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi sijawahi kumwona mfupi."

Hapo Kamanthe alishindwa. Alicheka mpaka mchele ukamwagika, na ndani Muthoka naye akaangua kicheko, na Ndunda akabaki mlangoni akiwatazama huku na huku, hajui ni yupi wa kumpelekea mwenzake kicheko.

Kilipotulia, Muthoka akasema kwa heshima, akimwangalia mzee ingawa maneno hayakuwa ya mzee, kwamba kosa ni lake. Aliwaachia vijana kazi na hakurudi kuikagua, kwa kuona aibu kuingia jikoni kwa mama mkwe wake akiwemo. Angekuwa mteja mwingine angekagua.

"Mwambie nimesikia," akasema Kamanthe. "Na mimi nilikaa ghalani badala ya kuacha hata kiatu changu apimie. Sasa atafanya nini?"

Muthoka alikaa kwenye sanduku lake, akaeleza. Kabati za chini husimama juu ya miguu ya plastiki iliyofichwa nyuma ya ubao. Vijana waliinua miguu ya mbele zaidi ya ile ya nyuma, ndiyo sababu kila kitu kililala kuelekea ukutani. Kusawazisha, kuongeza skrubu, kusogeza mpini wa kona, kuziba ufa, yote yangekwisha kabla ya jioni. Ubao wa sinki aliweza kuupaka rangi kwa sasa. Kesho jiko lingependeza.

"Na urefu?" sauti ikauliza dirishani.

Urefu ulikuwa jambo lingine. Angeweza kuikata miguu kwa msumeno na kushusha kaunta sentimita kumi na mbili. Lakini vigae vya ukutani vilikuwa vimepangwa kuanzia ilipokuwa kaunta. Ikishuka, ungebaki ukanda mrefu wa ukuta mtupu, wenye gundi na saruji, mbele ya macho ya mteja. Vigae vya kufanana havikuwepo Machakos. Ilibidi vitafutwe Nairobi, wiki nzima.

"Mzee, niombee kwa Mama," akasema. "Nisawazishe leo, huyo mteja aone kesho, halafu Jumatatu nirudi nishushe. Naapa nitarudi."

Ndunda akageuka dirishani, na safari hii alisema maneno yote kama yalivyo, bila kuyalainisha.

Kamanthe aliokota punje za mchele moja moja.

"Mwambie namwamini kwamba atarudi Jumatatu. Lakini huyo mama anakuja Jumamosi. Akiniuliza kama napika hapa, nitamwambia sifiki. Sitaki kulisema hilo. Ningejua namna nyingine ya kujibu, ningeitumia."

Ndunda anasema kijana alisimama akaitazama kaunta, akatazama vigae vyake vilivyonyooka vizuri, akakuna kichwa. Kisha akainama akang'oa ubao wa chini, na msumeno ukaanza kulia.

Alifanya kazi mpaka saa kumi na mbili. Kamanthe alimpelekea sahani mbili za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwa mkono wa Ndunda, na sahani zote mbili zilirudi tupu.

Wacera alifika Jumamosi saa tano kasoro dakika kumi, mama mfupi mnene mwenye mkoba mkubwa na viatu vya kuzunguka kwenye mijengo. Muthoka alimsalimia uani akabaki hapo hapo na mzee, maana Kamanthe alikuwa jikoni, mikono kwenye karai la unga. Safari hii wanaume ndio waliokuwa chini ya dirisha.

Wacera aliingia, akasimama, macho yakaenda moja kwa moja kwenye ule ukanda wa ukuta uliochubuka.

"Hii ndiyo kazi nimetoka mjini kuja kuona?"

"Ndiyo hii," akasema Kamanthe. "Karibu."

"Mama, wewe ni mama mkwe wake, najua. Lakini mimi nitaweka jiko kama hili kwa nyumba sita. Niambie ukweli. Kazi yake unaionaje?"

Chini ya dirisha Muthoka aliinamisha kichwa.

"Ilikuwa mbaya," akasema Kamanthe, akiendelea kukanda. "Sikupika hapa miezi miwili. Droo haikufunguka, maji yalikwenda ukutani, na mimi sikufika. Huo ubao wa sinki umekunywa maji, fungua uone. Bado haujabadilishwa. Jana alikuja mwenyewe, akashusha lote. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukanda chapati hapa."

Wacera akafungua kabati la sinki akaangalia ubao. Akavuta droo ya vijiko mara nne. Kisha akaomba maji, akayamwaga kwenye kaunta. Yakasimama kidogo kama yanayofikiri, yakaingia kwenye sinki.

"Hebu nipishe," akasema. Akanawa mikono, akavua saa, akaingiza ngumi kwenye unga. Akaegemea mara tatu, uzito wake wote. Yeye na Kamanthe walikuwa kimo kimoja.

"Aki ya nani," akasema. "Jikoni kwangu huwa nakandia kwenye stuli."

Kisha akachungulia dirishani, mikono myeupe.

"Wewe Muthoka! Simama nikuone. Ulijua nakuja leo?"

"Nilijua, madam."

"Na ukaamua kukatakata jiko zuri jana yake?"

"Mama alikuwa hafiki."

"Si ungengoja niende?"

Muthoka alimwangalia mzee, mzee akaangalia machungwa yake. Hakukuwa na wa kumpitishia neno.

"Angekuambia, madam."

Wacera alicheka kwa sauti ya mtu aliyezoea kucheka sokoni. Kamanthe aliendelea kukata madonge, lakini donge moja lilitoka kubwa mara mbili ya mengine.

"Sikiza," akasema Wacera. "Sita sikupi. Nakupa nyumba moja. Ni ya mama yangu, Njoki. Ako na miaka sabini na nane na mkono wa kulia humuuma. Utakuja leo hii, umpime yeye mwenyewe akiwa amesimama. Na wale vijana wako wakifanya kazi, uwe hapo. Ukiondoka, na mimi naondoka. Akipika mwezi mmoja bila kulalamika, tutaongea juu ya hizo tano. Na yeye analalamika, nakuambia mapema."

"Sawa, madam."

"Na mimi si mama mkwe wako. Nikiona kombo, nitakuambia kwa mdomo wangu."

"Afadhali," akasema Muthoka, na alimaanisha.

Waliondoka saa nane baada ya kula, Muthoka amebeba ubao uliovimba kwenye buti ili autengeneze mwingine kwa kipimo hicho, na chapati nane zilizofungwa kwa gazeti, ambazo Ndunda alimkabidhi akisema zimetoka ndani.

Gari halijafika barabarani, simu ya Kamanthe ikalia. Ndunda akaishika karibu na sikio la mkewe, maana mkewe alikuwa ameanza karai la pili la unga. Akina mama wa kanisa walikuwa wamesikia kuna mgeni na walikuwa njiani.

"Mama," akasema Winfred, "umemwambia nini?"

"Nimemwambia yote."

"Mama!"

"Amempa nyumba moja. Muulize mumeo. Haya kata simu, nina unga mikononi."